Kuacha Kazi kwa Utubora, na Kuacha Kazi Kwetu Sisi

Katika vitabu vyetu vya Kiswahili wamo watu wengi wanaotafuta kazi na wengi wanaofukuzwa. Anayeiacha kazi kwa hiari yake, hali mshahara unalipwa na mwajiri bado anamtaka, ni wa kutafutwa kwa tochi. Ndiyo sababu Utubora wa Shaaban Robert amekaa moyoni mwangu miaka mingi, na ndiyo sababu pia nina ugomvi naye. Riwaya ya Utubora Mkulima ilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wake kufariki dunia, na tangu hapo imesifiwa na kulaumiwa kwa mambo makubwa makubwa: utu, mapenzi, heshima ya jembe. Mimi nataka kuihakiki kwa jambo dogo, nalo ni ile ofisi aliyoiacha.

Kwa asiyeisoma, habari yenyewe ni hii. Utubora ni mtu aliyepita vitani, akarudi, akashika kazi ya ofisini mjini, kazi ya heshima yenye ujira mzuri. Siku moja anaamua kuiacha. Mwajiri wake hapendi kumpoteza na anajaribu kumzuia. Utubora hazuiliki, anatoa sababu zake kwa upole, anaaga, anakwenda Busutamu kulima. Yanayofuata huko, shamba na majirani na mapenzi ya zamani, ndiyo mwili wa kitabu, na sina neno nayo. Wahakiki walioinukia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 walimtuhumu Shaaban Robert kwa udhanifu, kwamba wahusika wake ni wema mno na majina yao yanawasemea kabla hawajafumbua kinywa. Hawakukosea. Lakini walitazama shamba, wakauliza kama kweli mkulima wa nchi hii anaishi vile. Mimi naitazama ofisi.

Ofisi ya Utubora haina vumbi. Hakuna daftari la mahudhurio, hakuna mwangalizi, hakuna ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mti. Mtu anaiacha ofisi hiyo kama anavyoondoka karamuni akiwa amekwisha kushiba, huku mwenyeji akimshika mkono na kumsihi akae kidogo. Nastaajabu, kwa kuwa aliyeandika hivyo hakuwa mgeni wa ofisi hata kidogo. Shaaban Robert alikuwa karani wa Idara ya Forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, miaka kumi na minane, na baada ya hapo akatumika katika idara nyingine za serikali ya kikoloni karibu mpaka mwisho wa maisha yake. Mtu mweusi aliyekuwa karani chini ya Waingereza kwa muda wote huo hakukosa kuzijua amri ndogondogo. Alizijua kuliko sisi. Alipoketi kuandika juu ya mtu aliyeacha kazi, akaziacha zote nje ya mlango.

Labda alifanya hivyo kwa makusudi. Yamkini aliona kwamba mtu akiondoka kwa kukimbia karaha, msomaji atauliza: je, karaha ikiondolewa, atarudi? Akataka Utubora awe amekwenda kwenye kitu, si kukimbia kitu. Hilo naliheshimu. Lakini matokeo yake ni kwamba riwaya yetu mashuhuri juu ya kuacha kazi haimsaidii mtu wa kawaida, ambaye aghalabu haachi kazi kwa sababu ya falsafa. Huiacha kwa sababu ya kijikanuni.

Niruhusu, ndugu msomaji, nieleze vijikanuni nilivyovijua mimi. Nilikuwa karani wa masjala katika shirika moja mjini Dar es Salaam, mwanzoni na katikati ya miaka ya 1980. Sitalitaja jina, na halimo tena. Daftari la mahudhurio lilikaa mlangoni, na ilipofika saa 1:30 asubuhi mwangalizi wa ofisi alipiga mstari kwa wino mwekundu. Waliotia sahihi juu ya mstari walikuwa watu. Waliotia chini yake walikuwa wachelewaji, na ukifikisha mara tatu katika mwezi unapewa barua ya kujieleza. Nyakati zile mabasi ya UDA yalikuwa machache kuliko abiria mara nyingi, na tuliokaa mbali tulining'inia kwenye chai maharage kama popo. Mstari mwekundu haukujua habari hiyo. Tena wapo waliofika saa 1:15, wakatia sahihi, wakatundika koti nyuma ya kiti, kisha wakaenda zao kwenye miradi yao hadi mchana. Koti lilifanya kazi vizuri. Sijapata kusikia koti likiandikiwa barua.

Kulikuwa na kanuni ya viti: cheo fulani kiti chenye mikono, cheo kingine kiti kisicho mikono. Mzee mmoja wa uhasibu alikalia kwa muda kiti chenye mikono kilichoachwa na bwana aliyehamishwa, maana mgongo ulikuwa unamuuma. Ukaja waraka, kiti kikaondolewa kikafungiwa stoo, na hakuna aliyekikalia tena. Kulikuwa na kanuni ya penseli: hupewi mpya mpaka urudishe kishina cha ile ya zamani, na kishina kisizidi urefu wa kidole gumba. Hii ya penseli, nasema kweli, sikuichukia. Vifaa vilikuwa adimu. Tuliandika barua nyuma ya barua, bahasha tuliigeuza ndani nje na kuigundisha upya, na karatasi nyeupe ya taipu ilifungiwa kabatini kama dawa. Kanuni yenye sababu mtu huivumilia hata ikiwa inachekesha.

Kisha likaja daftari la choo. Choo cha watumishi wa chini kilikuwa nje ya jengo, na ufunguo wake ulining'inia mezani kwa mwangalizi, umefungwa kwenye kipande cha mninga ili usipotee. Mwaka 1986 liliwekwa daftari kando yake: jina, saa ya kuchukua ufunguo, saa ya kuurudisha, sahihi. Mkuu alisema linadhibiti utoro. Wakati huo mpiga taipu wetu alikuwa mja mzito wa miezi saba. Mwisho wa mwezi daftari lililetwa masjala, na mimi nikaamriwa kujumlisha dakika za kila mtumishi na kuandaa barua kwa waliozidi. Nilijumlisha. Yule dada alikuwa wa kwanza, saa 6 na dakika 40. Wale wa makoti hawakuwa na dakika hata moja. Asiyekuwepo kazini hawezi kwenda chooni.

Barua hiyo sikuiandaa. Niliandika nyingine, ya kuacha kazi kwa saa 24 pamoja na kulipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya taarifa, na nikataja sababu yangu kwa sentensi mbili. Ilirudi siku hiyohiyo ikiwa na dokezo kwamba sababu iliyotajwa haimo katika utaratibu, na niandike upya. Nikaandika "sababu za kibinafsi". Ikapokelewa, ikagongwa mhuri.

Hapa ndipo Utubora ananizidi, na namsifu bila kinyongo. Anasema sababu yake kwa kinywa chake mbele ya mwajiri, naye anasikilizwa. Ukikusanya barua zote za kuacha kazi zilizopata kuandikwa nchini mwetu ungedhani kwamba watu wetu huacha kazi kwa mambo mawili tu, masomo na matatizo ya kifamilia. Hakuna aliyepata kuacha kwa kudharauliwa. Makabati ya maofisa utumishi yamejaa uongo wa adabu, na uongo huo unadaiwa na utaratibu wenyewe. Mwandishi aliyempa mhusika wake uhuru wa kusema kweli siku ya kuondoka alikuwa anaota, nakubali. Lakini nadhani aliota palipostahili.

Jambo ambalo hakulionja kabisa ni fomu ya kuondokea. Yangu ilikuwa na nafasi kumi na moja za sahihi: uhasibu, stoo, usafiri, maktaba (hatukuwa na maktaba; alitia sahihi mtu wa usafiri), ushirika, na kadhalika. Mtunza stoo hakutaka kutia sahihi mpaka nirudishe penseli. Nikampa. Akaipima kwa kidole gumba, akasema hii bado ndefu, haijaisha, kwa hiyo hawezi kuipokea kama kishina; na kama penseli nzima pia hawezi, kwa kuwa imekwisha kutumika. Tulitazamana. Mwishowe mzee tarishi aliyekuwa amesimama mlangoni aliichukua penseli, akaivunja vipande viwili, akamkabidhi mtunza stoo kimoja na kingine akakitia mfukoni mwake. Sahihi ikapatikana.

Nacheka ninapoandika, lakini kuacha kazi mwaka ule hakukuwa jambo la kuchekesha. Sheria ya Nguvu Kazi ilikuwa imepitishwa mwaka 1983, na katika misako yake watu wasio na kazi ya kutambulika walizolewa mijini na kupelekwa vijijini kulima. Kijana asiye na kitambulisho cha kazi alipita Kariakoo akiangalia nyuma. Utubora alikwenda Busutamu kwa mapenzi yake na jembe likawa heshima yake. Sisi tuliambiwa kwamba jembe ni adhabu ya asiye na mwajiri, na mwenye kusema hivyo ni serikali iliyokuwa ikisifu kilimo kila siku redioni. Aidha Utubora hana mke wala watoto wanaomngoja jioni ya siku ile. Mimi nilikuwa na mama mzazi na wadogo watatu. Mshahara wangu haukuvuka wiki ya pili ya mwezi, lakini hata wiki mbili ni wiki mbili. Ukitaka kujua kama mwandishi anaijua kazi, tazama kama mhusika wake anahesabu fedha kabla ya kusimama.

Kuna mtu mwingine wa vitabuni ambaye napenda kumweka kando ya Utubora, ingawa ametoka mbali. Ni Bartleby, karani katika hadithi ya Mmarekani Herman Melville, iliyotoka katika jarida moja la New York mwishoni mwa mwaka 1853. Mwanasheria mmoja wa mtaa wa Wall Street anawaajiri manukuzi, watu wa kunakili hati kwa mkono. Amekwisha kuwa nao wawili: mmoja anafaa asubuhi tu, mwingine anafaa kuanzia mchana tu, na bosi huyo, kwa kuwa si mtu mbaya, amejifunza kuwapanga. Kisha anaajiriwa Bartleby, kijana mkimya, anayenakili mchana na usiku kama mashine. Siku anapoitwa kulinganisha nakala na hati ya asili, kazi ya kuchosha ambayo kila karani huifanya, anajibu kwa upole kwamba hapendelei. Hagombi, hatukani. Baadaye hapendelei kwenda posta, na mwisho hapendelei kunakili kabisa. Anafukuzwa kwa heshima na kupewa fedha za ziada, lakini haondoki. Bosi anagundua kwamba karani huyu hulala humo humo ofisini. Basi akifanyeje? Anayehama ni bosi! Anafunga virago, anakwenda kupanga jengo jingine, anamwacha Bartleby amesimama katika chumba kitupu. Wapangaji wapya hawana subira hiyo. Polisi wanaitwa, Bartleby anatiwa gerezani, hataki kula, anakufa.

Melville alipata kitu ambacho Shaaban Robert alikipita. Aliona kwamba chimbuko la balaa lote ni amri ndogo sana, ya kulinganisha karatasi na karatasi, na kwamba mtu anaweza kushindwa kuitii kwa sababu asiyoweza hata kuieleza. Hata hivyo hadithi hiyo ina ubaridi unaoniudhi. Imesimuliwa na bosi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Tunajua huruma ya bosi, kero ya bosi, usingizi aliokosa bosi. Karani ni fumbo, na mafumbo hayadai mshahara. Nimesoma sifa nyingi za hadithi hiyo, na nakubaliana na nyingi, ila naona kwamba ingemwia vigumu mwandishi kulifanya fumbo lile kuwa mwanamke mja mzito aliyeshika ufunguo wenye kipande cha mninga.

Kwa nini basi ofisi huzaa vijikanuni? Wengi husema ni tabia ya wakuu, roho mbaya. Naona jibu hilo ni la haraka. Katika shirika letu kila kitu kikubwa kilikuwa kimemtoka mkuu mikononi. Baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979 na miaka ya uhaba iliyofuata, hakuweza kuongeza mishahara, hakuweza kupata vipuri, hakuweza kupata dola, hakuweza hata kupata balbu. Alichobakiwa nacho ni dakika zetu. Mtu aliyenyang'anywa uwezo wa kutawala mambo makubwa huwa mkali wa madogo, na anayetaka kumwelewa mkuu wetu na aanzie hapo. Kumwelewa si kumsamehe, kwani wapo wakuu wa miaka hiyohiyo walioshinda na makarani wao wakigawana kipande cha muhogo, bila daftari.

Nchi yetu haikuwa imelala juu ya jambo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani wakaikariri ibara hiyo kama sala. Katika migomo ya miaka michache iliyofuata, kama alivyoeleza Issa Shivji katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya kitabaka, mara nyingi kilichowatoa watu kwenye mashine ni lugha ya meneja na namna alivyowatendea, kuliko hesabu ya mshahara. Waandishi wetu wa riwaya walikuwapo wakati huo. Waliandika juu ya ujamaa, vijiji, ufisadi na wasichana wa mjini. Meneja aliyemtukana mtu getini hakupata riwaya ya kutosha, na daftari la choo halikupata hata sura moja.

Leo sheria imetangulia mbele ya fasihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inatambua kwamba mtumishi anaweza kuacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya kazi isivumilike, na kuondoka huko kukahesabiwa kama kuachishwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda. Sababu ambayo mwaka 1986 haikuwamo katika utaratibu sasa imechapwa katika sheria za Jamhuri. Hata hivyo sina hakika kama daftari moja la choo lingetosha mbele ya mwamuzi. Angeuliza, na kwa haki, kama kwanza nililalamika ngazi kwa ngazi. Vijana wananiambia mambo yamebadilika umbo tu: sasa kidole huwekwa kwenye mashine inayokumbuka sekunde, na mkuu hutuma amri katika simu saa nne za usiku. Wanaandika barua za kuondoka. Nimeonyeshwa mbili tatu. Sababu za kifamilia.

Lakini kosa kubwa la Utubora Mkulima, na kwa namna yake kosa la Bartleby, sikuliona mpaka nilipokutana tena na yule mpiga taipu, miaka mingi baadaye, kwenye msiba Magomeni. Kosa ni hili: msimulizi humfuata anayetoka. Tunafuatana na Utubora hadi Busutamu, tunafuatana na Bartleby hadi gerezani, na chumba walichokiacha kinafungwa nyuma yetu. Nani alikaa mezani pa Utubora? Nani alilinganisha zile nakala? Anayebaki hana riwaya, ingawa wanaobaki ni wengi kuliko sisi na ndio waliozifanya ofisi hizi ziende.

"Kaka, wewe ulikasirika ukaondoka," aliniambia, akicheka, tukiwa tumekaa mkekani. "Mimi ningekwenda wapi na tumbo lile?" Alibaki mpaka shirika lilipopunguza watu miaka ya 1990. Nikamuuliza daftari liliishaje, maana nilikuwa nikidhani mkuu aliona haya.

Haya hakuona. Yeye dada ndiye aliyeanza kuandika kwa herufi kubwa. Jina lake lote, na la baba na la babu, saa kwa maneno badala ya tarakimu, kisha sahihi iliyochukua nusu ya ukurasa. Wenzake wakamwiga. Amri ilisema andika; haikusema andika kwa udogo gani. Daftari la kwanza, lililotarajiwa kukaa mwaka mzima, likajaa kwa siku tisa. Likatolewa la pili, likajaa. Mtunza stoo, yule yule wa penseli, akaandika dokezo kwa mkuu kwamba akiba ya madaftari ya robo mwaka imekwisha na hana fungu la kununulia mengine.

"Ufunguo tukauacha mlangoni," alisema. "Karatasi ziliisha."